Tuihifadhi michoro ya vitabu vya watoto

Michoro ya vitabu vya watoto vilivyochapishwa Kisumu ni urithi wa umma, na yafaa ikusanywe na kuhifadhiwa kabla haijapotea. Tangu 1982, marehemu Asenath Bole Odaga alipoanzisha Lake Publishers mjini humu, waandishi wametajwa na kusifiwa, wachoraji wamesahaulika.

Mtoto husoma picha kabla ya herufi. Mtoto wa Dunga au Mbita akiona kitabuni mashua, omena walioanikwa na jabali la Kit Mikayi, hutambua kwamba kwao nako kuna hadithi.

Karatasi nayo haidumu. Mchoro asilia ukiliwa na mchwa au unyevu, nakala iliyofifia haiwezi kuurudisha.

Isitoshe, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mchoraji haki ya kutambuliwa, na huilinda kazi yake hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Kulificha jina lake ni kumdhulumu.

Wenye dhamana ya utamaduni na elimu watenge fedha na chumba cha kuhifadhia michoro hiyo, wawatafute wachoraji na familia zao, na wahakikishe majina yao yanachapwa jaladani. Waanze katika bajeti ijayo.