KIJANA, ULIZA: KOSA LANGU NI KUBWA AU DOGO?

Kijana wa Manzese, wewe wa Tandika, na wewe unayetembeza soksi mkononi pale Kariakoo, sikiliza. Siku karandinga likikuzoa, swali lako la kwanza liwe: nakamatwa kwa kosa gani? Kukujibu si hisani ya askari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamlazimisha.

Jibu hilo lina uzito. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza inagawa makosa mafungu mawili. Kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3 au zaidi, au kifo, ni kosa kubwa, isipokuwa sheria yenyewe itamke vinginevyo. Yanayobaki ni madogo. (Mwingereza mwenyewe aliufuta mgawanyo huo kwake tangu 1968. Sisi bado tumeukumbatia!)

Sasa tazama mzani wenyewe. Uzururaji, kosa ambalo walalahoi wanasombewa kila msako, ni miezi 3 kwa mara ya kwanza. Dogo kabisa. Tena Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, ilitamka Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika. Kuiba simu iliyosahaulika mezani? Mpaka miaka 7, kosa kubwa. Na kigogo anayetumia cheo chake kujineemesha? Sheria ya rushwa ya 2007 ilimwekea kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi shilingi milioni 5. Milioni 5, ndugu yangu! Kwa kigogo hiyo si adhabu, ni chenji.

Lakini hatari yenyewe iko kwenye kalamu. Umekamatwa kwa uzururaji, umegoma kutoa "kitu kidogo", kesho yake unasomewa unyang'anyi wa kutumia silaha! Hapo hakuna dhamana, na ukitiwa hatiani ni miaka 30 kwenda mbele. Umevushwa kutoka kosa dogo kwenda kubwa ukiwa umelala sakafuni, hujagusa hata kisu cha kukatia nyanya.

Kwa hiyo usitie saini maelezo ambayo hujayasoma, hata ukitishwa. Ndugu zako wajue upo kituo gani. Na dhamana ya polisi hailipiwi hata senti moja: anayetaka hela, muulize jina lake na namba yake ya kazi.