Huyo Mteja Mwingine Yuko Wapi?

Sisi tunaotafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam tumeshaizoea simu ya jioni. Mchana tumeonyeshwa nyumba Goba au Kinyerezi: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, maji na umeme vipo. Tangazo lilisema milioni 85, maongezi yapo. Tukataja milioni 78, tukaambiwa tusubiri neno la mwenye mali. Jioni anapiga dalali. Ametokea mteja mwingine, ana milioni 83 taslimu, kesho asubuhi analipa. "Bosi wangu, kama unaitaka kweli, jipange sasa hivi."

Usiku huo hakuna anayelala kwenye nyumba ya kupanga. Tunapiga hesabu upya, tunampigia kaka aliye Mwanza, tunauliza kama mkopo wa SACCOS unaweza kuongezwa kidogo. Pesa tunayoitafuta ni kiinua mgongo cha baba, akiba ya kikoba ya mama, kiwanja cha urithi kilichouzwa Kilosa. Asubuhi tunasema 84. Na hapo ndipo penye donda letu: kama mteja yule alikuwepo, sawa, tumeshindana na mtu mwenye shida ya nyumba kama sisi. Kama hakuwepo, tumetoa milioni sita za bure. Ni lipi kati ya hayo mawili, hatutakuja kujua. Hakuna karatasi iliyoandikwa ofa yake, hakuna saa iliyorekodiwa, hakuna wa kumuuliza isipokuwa yule yule aliyepiga simu.

Hatuwachukii madalali, na wanaosema wafutwe wote hawajawahi kutafuta nyumba mji huu. Dalali ndiye anayejua pagale la Madale linauzwa kwa sababu watoto wa marehemu wanataka kugawana, ndiye anayejua mtaa gani wa Tabata unajaa maji masika yakianza. Anatembea juani, siku nyingi anarudi bila kitu. Alipwe, tena alipwe vizuri. Tunachokilalamikia ni kwamba hatujui anamfanyia kazi nani.

Maana kuna cha juu. Mwenye mali anataka 70, dalali anatangaza 85, na kinachozidi ni chake. Kwa mwenye mali anachukua kamisheni, kwetu amekwisha kuchukua hela ya kuonyeshwa nyumba. Mara nyingi wako kwenye mnyororo, dalali wa mtaa, dalali wa mtandaoni na mwingine katikati, kila mmoja na chake, ndiyo maana nyumba moja yenye geti lile lile inaonekana kwenye kurasa tofauti za Instagram kwa bei tatu. Mtu wa namna hiyo akituambia tupandishe dau, atakuwa anamtetea mwenye nyumba au mfuko wake? Na tukiomba kuonana na mwenye nyumba tunaambiwa yuko safari, au tunakutanishwa naye kwa sharti kwamba tusizungumzie bei mbele ya mzee.

Madalali nao wana jibu, na ni jibu la haki. Wanasema mnunuzi na mwenye nyumba wakishabadilishana namba wanamruka dalali, wanamalizana wenyewe, na aliyewakutanisha anaambulia nauli. Ni kweli, baadhi yetu tumefanya hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba kila mtu anamficha mwenzake, na anayebeba gharama ya siri zote hizo ni yule anayetoa pesa.

Kinachotuumiza kuliko hata bei ni haraka. Kununua nyumba salama kunahitaji siku. Kama ina hati, lazima upekuzi ufanyike kwa Msajili wa Hati kuona jina la mmiliki na kama imewekwa rehani benki. Kama eneo halijapimwa, na maeneo ya namna hiyo ni mengi mjini hapa, inabidi kwenda serikali ya mtaa, kuongea na mjumbe, kuwauliza majirani wa pande zote nne. Kama ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza, kwa hiyo lazima tumwone mke au mume na tumsikie akisema mwenyewe. Huyo mteja mwingine wa kesho asubuhi anatunyang'anya siku hizo. Tunalipa kwanza, tunauliza baadaye. Watu wameingia hivyo kwenye nyumba zenye deni la benki, wengine wanahangaika na kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba kwa sababu mke hakushirikishwa, au kaka mmoja aliuza nyumba ya urithi peke yake.

Halafu kuna kishika uchumba. Tunakitoa ili mlango ufungwe, na mlango haufungwi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi ndipo udaiwe mahakamani, kwa hiyo kupeana mikono sebuleni hakumfungi mtu. Tukiwa bado tunamtafuta wakili, simu inakuja: kuna aliyepanda dau. Kishika uchumba chetu kinarudishwa kwa vipande, au tunaambiwa kimeshatumika.

Mambo haya yanaweza kwenda tofauti. Norway nyumba nyingi huuzwa kwa kushindana ofa, na presha ni kubwa kama kwetu, lakini wakala ana leseni, ofa zinatolewa kwa maandishi na anaziweka kwenye daftari la ofa. Mauzo yakikubaliwa, mnunuzi na muuzaji wanapewa nakala, na aliyeshindwa anaweza kuomba ya kwake, majina yakiwa yamefichwa. Hata Kenya, tangu 1984 kuna sheria ya kuwasajili mawakala wa nyumba na bodi yake. Haijamaliza ujanja, lakini jirani zetu wana orodha ya kuangalia jina la mtu kabla ya kumkabidhi pesa. Sisi tunaangalia picha yake ya WhatsApp.

Tunachotaka kinaweza kuanza hata kabla ya Bunge kupitisha chochote. Mwenye mali aandike kwa mkono wake bei anayoitaka na malipo ya dalali, na karatasi hiyo tuione siku ya kwanza. Kila ofa iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, pamoja na tarehe na saa, na nyumba ikishauzwa sote tulioshindana tuonyeshwe ujumbe huo, majina yakifutwa. Kishika uchumba kikae kwa wakili, na kiwe na risiti inayosema kitarudi lini na chini ya masharti gani. Tupewe siku saba za upekuzi ambazo hakuna ofa nyingine inayopokelewa. Dalali atakayekubali haya tutamlipa asilimia yake bila kukata hata shilingi, na namba yake tutaisambaza kwa ndugu na majirani wote wanaotafuta nyumba.