Tusisubiri Bweni Liungue Ndipo Tuzungumzie Betri

Wanachuo wenzangu, hebu hesabuni betri zilizomo chumbani mwenu usiku wa leo. Siongelei zile za saa ya ukutani. Naongelea za lithiamu: simu, laptopu, pawabenki, spika ndogo, taa ya dharura, feni ya kuchaji, vile vidude vya masikioni. Chumba cha vitanda vinne, ambacho kwa sababu ya kubebana kinalaza watu saba au wanane, hakikosi betri ishirini. Zote zinasubiri zamu kwenye soketi mbili na ekstensheni iliyonunuliwa kando ya barabara. Dirisha lina nondo. Mlango ni mmoja.

Chuo kimejibu hali hii kwa tangazo la marufuku lililobandikwa ukutani. Sisi tumejibu tangazo kwa kujificha: simu inachajiwa chini ya mto, pawabenki ndani ya sanduku la nguo, ekstensheni nyuma ya godoro. Matokeo yake ni kwamba marufuku iliyowekwa ili tusiungue imepeleka chaji mahali pabaya kuliko pote. Hoja yangu ni kwamba serikali yetu ya wanafunzi iache kugombana na tangazo, idai kitu kinachokosekana: mahali salama pa kuchajia na kuhifadhi betri.

Mtu anaweza kuuliza mwanafunzi wa ualimu anajuaje mambo ya betri. Mimi nasema ualimu ndiyo sababu yenyewe. Wengi wetu tutapangiwa shule za bweni, na tutakabidhiwa funguo za mabweni kabla hata hatujazoea chaki. Nchi hii ina historia ya mabweni. Tarehe 18 Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo. Agosti 2009, wasichana 12 walikufa bwenini Idodi, Iringa, na mshumaa wa kusomea ukatajwa kuwa chanzo. Baada ya misiba ile mshumaa ukawa adui, na ilikuwa haki. Leo mwanafunzi hasomei mshumaa, anasomea taa ya kuchaji na tochi ya simu. Tumepiga hatua kubwa, lakini moto haujatoka bwenini. Umebadilisha umbo tu, na safari hii hauonekani kwa macho.

Tuelewane: sina ugomvi na teknolojia yenyewe. Betri hizi ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyoziwezesha. Bila betri hizi mwanachuo wa leo hasomi. Ila kinachofanya zitufae ndicho kinachofanya ziwe hatari: nguvu nyingi imebanwa mahali padogo.

Ndani ya betri kuna pande mbili, chanya na hasi, zilizotenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Katikati kuna kimiminika kinachowaka kirahisi. Utando ukitoboka kwa sababu betri ilidondoka, au ukiyeyuka kwa sababu betri imejazwa kupita kiasi chake, pande mbili hugusana. Joto linapanda, joto hilo linaamsha kemikali zinazotoa joto zaidi, na baada ya hapo hakuna kitufe cha kulizima. Aina nyingi za betri hizi hutoa hata oksijeni zenyewe zikishika joto kali, ndiyo maana kuufunika moto wake kwa blanketi hakutoshi. Moshi wake una sumu, ikiwemo kaboni monoksidi na hidrojeni floridi. Katika chumba chenye mlango mmoja, moshi unaweza kukumaliza kabla mwali haujakufikia.

Sasa tuje kwenye pawabenki, maana hapo ndipo tunapoibiwa na kuhatarishwa kwa mpigo. Nyingi kati ya zile nene zina seli za mviringo zinazoitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Seli nzuri kabisa ya aina hiyo inabeba kama mAh 3,500 na ina uzito wa gramu 45 hivi. Piga hesabu: pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 inahitaji seli sita, gramu 270 kabla ya ganda. Iliyoandikwa 50,000 inahitaji seli kumi na tano, zaidi ya nusu kilo. Ukiishika na ikawa nyepesi kama kipande cha sabuni, ujue ganda linadanganya. Na anayedanganya kwenye ganda, unategemea ameweka sakiti nzuri ya kuzuia chaji isizidi? Seli hujaa kwenye volti 4.2. Kinachoisimamisha hapo ni kasakiti kadogo, na hako ndiko kanakorukwa ili bei ishuke.

Wenzetu waliotutangulia wameshaonja. Jijini New York, mwaka 2023 peke yake, watu 18 walikufa kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli za umeme. Januari 2025, ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado ardhini Korea Kusini. Abiria walitoka wote, na wachunguzi wakasema huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Ndiyo maana ukipanda ndege unaambiwa pawabenki ikae nawe juu, isiende kwenye mizigo, na isizidi Wh 100 bila kibali. Mashirika ya ndege hayana hofu za kishirikina. Yanataka betri iwe mahali ambapo mtu ataiona ikianza kutoa moshi.

Kanuni hiyo ya kuiona nimeikuta karibu zaidi ya ndege. Nilipokwenda TP kwenye shule moja ya kata wilayani Kisarawe, umeme wa uhakika ulikuwa kwenye ofisi ya walimu tu, simu kumi zikining'inia kwenye ekstensheni moja juu ya marundo ya madaftari. Lakini hatua chache nje ya geti kulikuwa na kibanda cha kuchaji simu kwa sola. Kila simu ilikuwa na kikaratasi chenye namba, zimepangwa zisigusane, na mama mwenye kibanda ameketi mbele yake tangu asubuhi. Jua likizama anachomoa zote, wenyewe wanachukua, yeye anaenda kulala nyumbani kwake. Rafu yake ilikuwa ya mbao, hilo ningelibadilisha. Mengine yote yalikuwa sahihi kuliko bweni letu: chaji mchana, mtu yupo, na halali mtu humo.

Nyumbani Kibaha napo, fundi simu mmoja pale Maili Moja ana kopo kubwa la bati lenye mchanga, analiweka nje ya mlango wa banda lake. Betri iliyovimba haiingizi ndani, inakwenda kwenye mchanga moja kwa moja. Nilimuuliza kwa nini haitupi kwenye shimo la takataka. Akanijibu kwamba shimo hilo huchomwa moto kila jioni, na watoto huja kuokoteza.

Nawataja hawa wawili kwa sababu siku hizi dawa inayotajwa sana ni vile vifuko visivyoshika moto, ambavyo warusha droni wamevizoea. Ni vifuko vilivyofumwa kwa nyuzi za kioo: unaweka betri ndani, waya wa chaji unatokea pembeni, ikiwaka mwali unapunguzwa makali. Ni kitu kizuri. Mwenye uwezo anunue, hasa kwa betri za droni na za vifaa vya maabara. Lakini tusiuziane imani. Kifuko kinapunguza mwali, hakizuii moshi wala gesi. Vingine mshono wake ni uzi wa kawaida na kifungio chake kinayeyuka. Na kifuko bora kuliko vyote kikiwekwa juu ya godoro, chini ya chandarua, hakijakusaidia kitu. Kinachookoa ni vitu vitatu ambavyo yule mama na yule fundi wanavyo bila kifuko: betri iwe mbali na vinavyoshika moto, iwe mbali na waliolala, na awepo mtu wa kuiona.

Najua pingamizi litakalokuja. Eti simu zinachajiwa usiku kucha nchi nzima na hatusikii milipuko. Kweli kabisa. Simu nzima, yenye betri yake halisi na chaja yake, mara nyingi haina tatizo, na sitaki mtu ashindwe kulala kwa sababu ya makala hii. Lakini hatari ya bweni si hatari ya simu moja. Ni betri ishirini mara vyumba vyote vya jengo, baadhi zimebadilishwa mara mbili, baadhi zimevimba na mwenyewe anasubiri bumu ndipo anunue nyingine. Halafu kuna tabia tuliyorithi kwenye mgao. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji uanze kuzalisha umeme Februari 2024, hali imekuwa nafuu, ila mazoea yamebaki: umeme ukikatika ukarudi saa saba usiku, kila mtu anachomeka kila alichonacho kisha analala.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ukikusanya betri zote mahali pamoja, si umekusanya hatari? Ndiyo, umeikusanya, lakini umeitoa kitandani. Betri ikiwaka juu ya zege, katika chumba ambacho hakuna anayelala, ni hasara ya vifaa. Ikiwaka juu ya godoro la sponji saa nane usiku, chumba chenye watu wanane, tutaitana msibani.

Kwa hiyo naliomba bunge la wanafunzi lipitishe mambo matatu, na yote yanawezekana. La kwanza, kila bweni liwe na chumba cha kuchajia ghorofa ya chini, mbali na ngazi na mlango mkuu. Rafu ziwe za zege au tofali, zimegawanywa vijumba vidogo ili betri moja isiwashe ya jirani. Kiwe na hewa ya kutosha, sakiti breka yake, king'ora cha moshi na ndoo za mchanga. Kifunguliwe asubuhi hadi saa nne usiku, na msimamizi awe mwanachuo anayelipwa posho. Wizi ukihofiwa, namba za yule mama wa Kisarawe zinatosha kuanzia. La pili, liwepo kopo la mchanga nje ya kila bweni kwa betri zilizovimba, na chuo kitafute mahali pa kuzipeleka badala ya kuziacha ziende kwenye shimo la kuchomea taka. La tatu, wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza na semina ya TP ziwe na saa moja ya somo hili, na maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakaribishwe kulifundisha.

Wakati hilo linasubiri vikao, yapo ya kufanya leo bila kuandika barua kwa mtu. Chajia sakafuni kwenye saruji, si kitandani, na usifunike. Kama huna kifuko, sufuria kuukuu au debe lenye mchanga chini linafaa. Usilibane kifuniko, maana gesi ikikosa pa kutokea hupasua. Pawabenki na betri usizozitumia kwa muda mrefu zihifadhi zikiwa na chaji nusu, kivulini. Mchana chumba cha juu chini ya bati ni tanuri. Betri ikivimba, ikinuka kama dawa ya kucha, au ikiwa ya moto bila kutumika, iache. Usiitoboe, usiibonyeze irudi.

Ikianza kutoa moshi, piga kelele watu watoke kwanza. Kama unafikia swichi kuu salama, zima. Kwa kifaa kidogo ambacho hakiko tena kwenye umeme, maji mengi yanasaidia kukipoza, na ile habari kwamba maji ni mwiko inahusu lithiamu tupu, si betri ya simu yako. Ikizimika usiirudishe ndani, kwa sababu inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Chumba kikijaa moshi usirudi kuokoa laptopu, hata kama ripoti yako ya utafiti imo humo. Toka, funga mlango, piga 114.

Muhula ujao wengi wetu tutakuwa TP, baadhi Kibaha, baadhi Kisarawe, wengine mbali zaidi. Tutakuta watoto wa kidato cha pili wanaolala na taa za kuchaji kifuani ili wasome usiku. Tukiwanyang'anya, watazificha, kama tunavyofanya sisi. Nataka tufike kule tukiwa tumeshaona chumba cha kuchajia kinavyofanya kazi kwenye bweni letu wenyewe, ili tuweze kumwambia mkuu wa shule kijengwe wapi na kwa tofali ngapi. Wawakilishi wetu, kikao cha bunge kinakuja. Iwekeni hoja hii kwenye ajenda.