Mbu wa kisiwani hajui kwamba wewe ni mwananchi

Majuzi mwenyekiti wa chama kimoja cha akiba katika mtaa wa Umoja alipita zahanatini mwangu kunionyesha ratiba ya safari. Wanachama kumi na wanne wameweka pesa kwa miaka miwili, na safari hii hawataki tena kwenda Mombasa kukaa katika fuo walizozizoea. Wanataka visiwa ambavyo majirani zao hawajavifikia: Pate, yenye magofu ya Shanga na ngome ya Siyu, kisha Kiwayu kaskazini zaidi. Kuhusu usalama wa eneo hilo nilimshauri aulize wakuu wa serikali huko Lamu kabla ya kulipa nauli. Mimi niliomba kuona orodha ya mizigo.

Kila kitu kilikuwamo. Kofia, miwani ya jua, kamera, viatu vya kutembelea mchangani, hata mshipi wa kuvulia samaki. Kwa upande wa dawa palikuwa na pakiti moja tu ya tembe za maumivu ya kichwa. Nilipomuuliza kuhusu dawa za kuzuia malaria, alicheka. "Daktari, hizo si za wazungu? Sisi ni watu wa hapa hapa."

Mpenzi msomaji, jibu hilo nimelisikia mara nyingi katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Kayole, na ni jibu la hatari. Mbu hasomi kitambulisho. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huwafanya mbu wa malaria wasistawi. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Jericho au Dandora hana kinga ya malaria inayomzidi mtalii aliyeshuka leo kutoka Uingereza.

Wapo watakaosema kwamba wao walizaliwa Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria, na kwamba nyanya zao hawakumeza tembe hata siku moja. Ni kweli. Lakini kinga ya nyanya ilitokana na kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka tangu utotoni, na wengi wa rika lake walikufa kabla hawajaipata. Tena kinga hiyo haikomazi mwili daima. Ukihamia Nairobi na kukaa miaka kadhaa bila kuumwa na mbu wenye vimelea, hufifia. Yule anayerudi kisiwani kwao baada ya miaka kumi mjini aghalabu hurudi akiwa mgeni katika damu, ingawa kwa lugha na jina ni mwenyeji.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimewahi kukosea mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali, mama mmoja kijana kutoka Donholm alinijia akilalamika kuhusu homa, kuumwa na kichwa na uchovu wa viungo. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na nusu ya waliokuwa mbele yake walikuwa na mafua. Nikampa dawa za mafua akaenda zake. Baada ya siku mbili mumewe alimleta akiwa amebebwa, akisema maneno yasiyoeleweka, macho yamegeuka manjano. Ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza mwanzo: je, mmesafiri hivi karibuni? Walikuwa wamepumzika kisiwani Mfangano, ng'ambo ya Mbita, na walikuwa wamerudi siku kumi na mbili tu kabla ya homa kuanza. Damu yake ilijaa vimelea vya malaria. Tulimkimbiza hospitali kubwa, akadungwa sindano za atesuneti na kulazwa zaidi ya wiki moja. Alipona. Lakini siku zile mbili zilizopotea zilikuwa zangu mimi, si zake.

Tangu siku hiyo kila mwenye homa anayeingia chumbani mwangu naanza kwa kumuuliza alikotoka. Hata hivyo, msomaji, usingoje daktari akumbuke. Malaria haitokei siku ile ile unapoumwa na mbu. Huchukua angalau siku saba, mara nyingi hudhihirika ndani ya mwezi mmoja, na huweza kuchelewa zaidi. Wakati huo ushasahau bahari, ushaanza kazi, na unadhani ni baridi ya Nairobi. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu tangu kurudi kisiwani ni malaria hadi damu ipimwe na kuonyesha vingine. Sema mapema, "Nilikuwa kisiwani." Usinunue dawa za homa ya matumbo dukani kwa kubahatisha. Ikiwa kipimo cha kwanza hakionyeshi kitu na homa inaendelea, rudi upimwe tena.

Sasa tuje kwenye kujikinga. Klorokwini waliyomeza wazee wetu haifai tena, kwa kuwa vimelea vya hapa kwetu vilishaizoea, na Kenya iliacha kuitegemea kutibu malaria tangu mwaka 1998. Leo kuna dawa tatu za kinga zinazotumika sana. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Bei yake ni nafuu, lakini haifai kwa wajawazito wala watoto wa chini ya miaka minane, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, na yafaa kuanza wiki mbili au tatu kabla. Haimfai mwenye kifafa au aliyewahi kuugua maradhi ya akili. Ya tatu ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, ambao humezwa kila siku hadi siku saba tu baada ya kurudi, ingawa bei yake ni ya juu. Muone daktari akuchagulie, na uende mwezi mmoja kabla, si jioni ya kupanda basi.

Kosa ninaloliona zaidi ni la kuacha tembe mara tu msafiri anapofika nyumbani. Vimelea vilivyoingia siku ya mwisho ya safari vingali vinakua ndani ya ini. Maliza dozi. Pamoja na tembe, beba neti iliyotiwa dawa, dawa ya kujipaka na nguo za mikono mirefu za jioni. Mama mjamzito ni heri aahirishe safari, kwani malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni.

Isitoshe, kumbuka maana ya kisiwa cha mbali. Boti ziendazo Pate hupitia mlangobahari wa Mkanda, na maji yakitoka huenda zikalazimika kungoja yajae. Jahazi la Kiwayu laweza kumaliza siku nzima ikiwa upepo haukubali. Anayezidiwa usiku hatapata gari la wagonjwa la kumfikisha hospitalini kwa nusu saa kama tulivyozoea hapa mjini. Kwa hiyo mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dawa za siku mara mbili ya zile za safari, na aziweke mkononi, si katika mzigo ulio chini ya jahazi. Beba chumvi ya kuongeza maji mwilini, kwa sababu maji ya visima vya visiwani mara nyingi ni ya chumvi au si safi. Ukienda visiwa vya Ziwa Victoria, jua kwamba kuogelea ziwani kwaweza kukupa kichocho, hivyo pimwa miezi miwili au mitatu baada ya kurudi. Na usikubali kupanda chombo kisicho na jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria. Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, na watu zaidi ya 200 wakafa, nchi kavu ikionekana.

Sisemi watu wasisafiri. Nafurahi kuona wakazi wa mitaa yetu wakitoka kuiona nchi yao badala ya kuwaachia wageni. Ninachokataa ni ile fahari ya kudhani kwamba uzalendo ni chanjo. Viongozi wa vyama vya akiba wanaokusanya nauli wakusanye pia pesa za dawa, na waweke siku ya kumuona daktari katika ratiba, sawa na siku ya kuondoka.

Mwenyekiti wa Umoja aliondoka na orodha mpya, akinung'unika kidogo kuhusu gharama. Nilimwambia gharama ya kitanda cha wagonjwa mahututi haijadiliwi kwenye mkutano wa chama. Tahadhari kabla ya hatari.