KUJENGA GHOROFA: KAZI YA INJINIA NI NINI?



Siku hizi mtu mwenye kiwanja kando ya barabara hatosheki tena na nyumba ya chini yenye vyumba sita. Huuza chai yake au maziwa yake, akakopa katika chama cha akiba na mikopo, kisha akataka jengo la orofa nne apate kodi uzeeni. Hilo ni jambo jema. Walakini hapo ndipo linapozuka swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na watu wenye akili zao: "Ikiwa nimekwisha kumlipa mchora ramani, na fundi wangu ni hodari, mbona nimlipe injinia pia? Yeye hashiki hata mwiko."

Ni kweli hashiki mwiko. Kazi yake ni kufuata uzito. Mchora ramani hupanga vyumba, madirisha na ngazi. Injinia wa majengo huuliza mzigo wapita wapi mpaka ufike ardhini. Tazama tangi la maji lililo juu ya paa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tangi la lita 10,000 likijaa ni tani kumi, kama kwamba umeegesha motokaa saba ndogo mahali pamoja. Uzito huo hushukia sakafu ya juu, sakafu huukabidhi boriti, boriti huukabidhi nguzo, nguzo huuteremsha hadi msingi, na msingi huutandaza juu ya udongo. Mmoja wao akishindwa, walio juu yake hawana pa kusimama.

Zege lina tabia moja ambayo yafaa kila mwenye kujenga aijue. Ukiligandamiza lastahimili sana, lakini ukilivuta lapasuka upesi. Ndiyo sababu hutiwa vyuma, navyo hutiwa upande ule unaovutwa. Sakafu iliyolazwa juu ya boriti mbili hulemewa katikati ikajipinda kidogo kuelekea chini, na upande wake wa chini ndio unaovutwa. Kwa hiyo hapo katikati vyuma vikuu hukaa karibu na chini. Roshani iliyotokeza nje ya ukuta, isiyo na nguzo mbele, ni kinyume chake. Hiyo huvutwa upande wa juu, na vyuma vyake vikuu sharti viwe juu. Fundi aliyezoea sakafu akivilaza chini, au vibarua wakivikanyaga vikazama wakati wa kumwaga zege, hakuna mtu atakayeona kitu. Lipu itapakwa na rangi itapendeza. Kisha siku ya arusi watu ishirini watatoka kwenda kumtazama bibi arusi akishuka garini.

Hapo ndipo utakapomtambua injinia mzoefu. Kijana aliyetoka chuoni aweza kukokotoa hesabu ya roshani bila kosa. Mzoefu hufanya hesabu hiyo hiyo, kisha huja kiwanjani kabla ya zege kumwagwa, akainama akahesabu vyuma, akapima nafasi kati yao, akatazama kama pete zinazozifunga nondo za nguzo zimetiwa zote, au kama nyingine zimeuzwa njiani. Akiona kibarua anaongeza maji katika zege ili liwe laepesi kumwaga, hukataa, maana maji yakizidi zege hudhoofika. Huagiza vipande vya zege vitengwe na kuvunjwa kwa mashine siku ya 28, ajue nguvu yake halisi. Naye hana haya kumwambia tajiri, "Hapana."

Neno hilo "hapana" ndilo analolipiwa kuliko michoro yote. Katika mji wa Seoul, Korea Kusini, lilikuwako duka kubwa lililoitwa Sampoong. Mipango yake ya kwanza haikuwa ya duka. Mwenyewe alibadili nia, akataka na orofa ya tano juu. Kontrakta wa kwanza alikataa. Akaondolewa, na kazi ikamalizwa na kampuni ya mwenye duka mwenyewe. Nguzo zilizopaswa kuwa na upana wa sentimeta 80 zilijengwa kwa sentimeta 60. Orofa ya tano ikawa ya mikahawa yenye sakafu nzito, na juu ya paa ikawekwa mitambo mizito ya kupoza hewa, ambayo baadaye iliburutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mnamo Aprili 1995 nyufa zilionekana. Tarehe 29 Juni mwaka huo zilipanuka, na hatari ikaelezwa waziwazi; lakini wakuu hawakutaka kupoteza mauzo ya siku moja. Jioni ile jengo lilianguka, wakafa watu 502.

Tusiseme hayo ni ya ng'ambo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la kupangisha liliporomoka huko Huruma, Nairobi, karibu na mto. Watu wasiopungua 49 walikufa. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, na bado wapangaji walikuwa ndani.

Udongo nao haudanganyiki. Ule mweusi wa mfinyanzi, uliotanda sehemu nyingi za Nairobi na nyanda za Athi, huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, na kuta hupasuka nao. Injinia wa kweli huuliza habari za udongo kabla ya kutaja bei, akataka shimo lichimbwe, akashuka kulitazama mwenyewe. Huuliza pia jengo litatumikaje, maana ghala la mahindi si sawa na chumba cha kulala. Yule anayekupa michoro bila kuuliza maneno haya, mshukuru umwache aende.

Kwa Kenya, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 yaagiza kwamba injinia aandikishwe na Bodi ya Wahandisi, na awe na cheti cha kufanyia kazi ambacho hutolewa upya kila mwaka. Si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Tena michoro na hesabu zake, zikiwa na sahihi yake, zisiachwe kwa fundi zikalowe kiwanjani. Tia nakala moja katika sanduku pamoja na hati ya shamba, kwa kuwa mwanao akitaka kuongeza orofa baada ya miaka ishirini, injinia atakayeitwa siku hiyo ataanza kwa kuziulizia.