Elimu Isiyo na Msimulizi

Desemba 2006, zikiwa zimebaki siku chache tu kufika Idi ya Kuchinja, homa ya Bonde la Ufa ilithibitishwa Garissa. Soko la mifugo lilifungwa, uchinjaji ukapigwa marufuku, na mwenye mbuzi wake akawa hana wa kumuuzia. Hata ugonjwa ulipotulia mwaka 2007, watu zaidi ya 150 walikuwa wamekwisha kufa nchini.

Linalonisikitisha ni kwamba habari ilikuwapo. Watafiti waliowahoji wafugaji wa Kisomali baadaye waliwakuta ni hodari wa kuitambua hatari hiyo kwa kutazama mvua, mbu na hali ya mifugo. Wana hata jina lao la ugonjwa huo, sandik, yaani pua itokayo damu. Wataalamu nao walijua kwamba mayai ya mbu hao hukaa katika udongo mkavu miaka na miaka, yakingoja gharika. Picha za setilaiti zilikwisha onyesha hatari wiki kadhaa kabla. Basi huyu alikuwa na nusu ya habari, na yule nusu. Baina yao hapakuwa na msimulizi.

Msimulizi huyo namtaka atoke Chuo Kikuu cha Garissa. Chuo hicho kilianza kama chuo kikuu kishiriki mwaka 2011. Kikapatwa na msiba wa tarehe 2 Aprili 2015, uliochukua roho za watu 148. Kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Chuo kilichoinuka namna hiyo kinastahili kusifika kwa elimu yake. Naomba kisomeshe pamoja mambo matatu: mazingira, ufundi wa kuifikisha sayansi kwa watu, na utunzi wa hadithi.

Najua wako watakaosema kuwa sayansi ni kweli na hadithi ni uwongo, vipi vitakaa chungu kimoja? Nawajibu kwa niliyoyasoma utotoni, juu ya jamvi la maalimu. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanene wakiliwa na saba waliokonda. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alimweleza miaka ya neema na miaka ya njaa, akamweleza na namna ya kuhifadhi nafaka katika mashuke yake. Kisa kile si cha kubuni, hasha; ni haki. Lakini tuitazame namna onyo lilivyofika: lilikuja na sura ambayo hata mtoto akiisikia haisahau, likaja na la kufanya.

Basi mwanafunzi na atunge hadithi ya kijana mchungaji aliyeona mbu wamezidi, akawaambia wakubwa wasimsikilize. Wahusika awabuni apendavyo, mbu asimbuni. Amwandike kama alivyo, kisha hadithi isomwe redioni, kwa Kisomali na kwa Kiswahili.

Na sisi wa pwani tusidhani haya ni ya wenyewe huko bara. Nyama ya Garissa tunaila, na maji ya Tana yaliyopita Garissa huja kuingia baharini kwetu, Kipini. Kinachonyamaziwa juu ya mto, huku chini hutufikia.