Mlinzi wa mgonjwa naye aulizwe hali

Mwanzoni mwa 2024, mapigano ya karibu na Sake, mashariki mwa Kongo, yaliikata barabara inayounganisha Bweremana, katika eneo la Masisi, na Goma. Aliyetaka kumfikisha ndugu yake Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili cha Frères de la Charité mjini Goma, alibaki na njia ya Ziwa Kivu: nauli ya boti kwa watu wawili, chakula cha wawili, dawa za mmoja.

Huyo wa pili, anayemsindikiza mgonjwa, ndiye anayesahauliwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba asilimia 22 ya watu wanaoishi penye vita wana tatizo la afya ya akili. Mama anayemlinda kijana wake asitoroke usiku yumo katika hesabu hiyo hiyo: naye alikimbia risasi, naye amepoteza shamba. Lakini faili kituoni ni ya mtoto tu.

Kwa mke wa mlevi wa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, hali ni mbaya zaidi, maana majirani hawamhurumii. Humuuliza kwa nini haondoki. (Aende wapi, na vita hivi?) Marekani, familia za walevi zina vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951. Wanakutana na kuzungumza, basi. Masisi haihitaji jengo wala mfadhili kwa hilo. Parokia zina mashirika ya akina mama, vituo vya afya vina reko, wahudumu wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Waongezewe maswali mawili: anayemuuguza mgonjwa amelala lini mara ya mwisho, na nani atampokea zamu kesho?